Safu ya Mabao

Ofisi yetu iko juu ya duka la rangi, Mwembe Tayari.
Aliinama mlangoni, akainama tena chini ya pangaboi,
akakaa. Nilimpa fomu, akanirudishia:
Kiswahili hana, Kiingereza chake cha kuombea maji.
Nikashika kalamu mimi, yeye akataja.

Jina: Dinko Matulić.
Kile kijikato juu ya herufi ya mwisho nilikisahau;
alikiweka mwenyewe, polepole,
kama mtu amfungaye mtoto kishikizo.
Kuzaliwa: Šibenik, Kroatia. Akanyosha kidole dirishani
kuliko na Ngome yetu: kwao zipo, akasema, nne.
Umri: thelathini na minane.
Nafasi: beki wa kati.

Vilabu vilijaa hadi pambizoni.
Kimoja kilikufa na madeni;
ufunguo wa chumba cha jezi anao hadi leo.
Kimoja, Saiprasi, kilimlipa miezi mitatu kati ya tisa.
Kimoja kiko penye theluji, huko goti lilisema lake.
Akakunja suruali, akanionyesha mshono
mrefu kama zipu ya begi la safari.

Mabao?
"Manne."
Miaka ishirini, manne. Akawaza.
"Na matatu," akaongeza, "lango letu."

Kisanduku kile kinatosha tarakimu mbili, basi.
Mpira aliouondoa mstarini kwa kidevu
hauna pa kuandikwa.
Jumamosi zile washambuliaji walizorudi makwao
wakanuna, wakasusa chakula,
hazina pa kuandikwa.
Nikaandika 4. Nikapiga muhuri.

Mechi ya kwanza, Changamwe, jua la Februari.
Mwinyikombo, winga wa miaka kumi na tisa,
alimpita kama deni linavyompita mdhamini,
akarudi, akampita tena, kwa raha zake.
Jukwaani wakapiga kelele:
"Mzungu, nenda Bamburi ukaote jua!"
Tatu bila. Mwekahazina hakunisemesha siku mbili.

Mechi ya marudiano hakukimbia.
Alisimama hatua mbili kabla ya jambo,
na jambo lilipofika likamkuta.
Mwinyikombo akaenda kulia: yupo.
Akaenda kushoto: mpira ulishaondoka zamani,
uko kwa wauza mitumba, ng'ambo ya ukuta.
Siku hiyo wakampa jina: Komeo.

Chengo wetu, beki mdogo, alikuwa mtumwa wa mpira,
macho yote kwenye ngozi ile inayobiringika.
Dinko akamshika kidevu, akamgeuza uso,
akamwelekeza kwenye nyonga ya mpinzani.
Hakusema neno. Chengo ndiye aliyenitafsiria:
"Mguu unadanganya, bosi. Nyonga haijui uongo."

Neno lenyewe alilipata kwa Bi Zamzam,
muuza viazi karai nyuma ya lango.
Kila akifika na njaa yake,
karai linachemka, mwiko hewani: "Bado."
Akalichukua, akaingia nalo uwanjani.
Wao wana kona, dakika ya tisini,
safu yetu inataka kutawanyika kama kuku,
na sauti ile nzito ya ugenini:
"Bado! Bado! Bado..."
hadi sekunde yake ikafika, wakapanda pamoja,
na kibendera cha kuotea kikainuka.

Msimu umekwisha. Goti lake limeumuka
kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta.
Fomu mpya ina swali: amestaafu? Ndiyo. Hapana.
Alichukua kalamu mkononi mwangu,
akaruka visanduku vyote viwili,
akaandika chini yake, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza:
bado.

Shirikisho wameirudisha, wino mwekundu:
jibu halimo miongoni mwa majibu. Tena,
mabao ya msimu hayakujazwa.

Nilishuka nayo kumtafuta.
Nikamkuta kwa Bi Zamzam,
mguu juu ya kreti la soda,
sahani tupu magotini.
Viazi vilikuwa bado.